Uzito Ukigoma, Mwanangu

Mwanangu, najua ulichokifanya leo kabla hata ya kupiga mswaki. Ulipanda mizani. Ukashuka, ukaisogeza ikae sawa sakafuni, ukapanda tena. Namba ni ile ile ya Jumatatu, na ya Jumatatu iliyotangulia. Ukavaa, ukatoka kwenda kazini bila kutia kitu kinywani, na moyoni unasema: pesa zote zile, maumivu yote yale, na sasa uzito umegoma.

Keti kidogo. Magari ya Ukunda hayaishi. Mimi nimeipita njia hiyo ya upasuaji wa kupunguza uzito, na kabla sijaipita nilikuwa muuguzi huku kwetu Matuga miaka mingi, nikiwatazama wengine wakihangaika na miili yao. Ninalotaka kukwambia ni fupi, ila likisemwa kwa ufupi hutalishika. Uzito ukigoma, usiuongezee njaa. Kula unavyotakiwa kula, tembea, lala, subiri.

Najua hilo neno la mwisho linakuudhi. Liliniudhi na mimi.

Tuanze na tumbo lenyewe. Siku ya kutia sahihi karatasi za upasuaji mtu huwa na hofu, maelezo yanapita masikioni hayatui. Kama ulipunguzwa tumbo, basi robo tatu yake au zaidi imeondolewa, na kilichobaki ni mrija mwembamba wenye ukubwa wa ndizi. Sehemu iliyotolewa, hasa ile ya juu, ndiyo inayotoa kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, inayouambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Ndiyo maana wiki za mwanzo ulikaa na bakuli la supu mpaka likapoa, huna haja nalo. Kama ulifanyiwa ule upasuaji mwingine, wa kukipitisha chakula njia ya mkato, basi walikutengea kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, wakakiunganisha na utumbo mdogo. Chakula sasa kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Huo wa njia ya mkato si upasuaji wa jana. Daktari Edward Mason aliuanza Iowa, Marekani, mwaka 1966. Leo upasuaji wa kupunguza uzito unafanyika Nairobi, na wenzetu wa Tanzania wanaufanya Mloganzila, Dar es Salaam, pamoja na ule utaratibu wa kuweka puto tumboni bila kukata. Na wanaouhitaji si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa hiyo hukufanya jambo la aibu, na asikwambie mtu kwamba ulikuwa mvivu.

Sasa, tumbo limepunguzwa, lakini mwili uliobaki ni ule ule uliozaliwa nao. Na mwili huo umeurithi kwa watu walioijua njaa.

Mwaka 1984 mvua zilikosa. Nilikuwa msichana tu, ndiyo kwanza nimeanza kazi. Serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, tukala ugali wa manjano, na watoto mwanzo waliukataa kwa rangi yake. Wagonjwa walitujia kutoka bara, upande wa Kinango. Namkumbuka mama mmoja aliyeketi kwenye benchi la zahanati, jua la saa saba linawaka, naye amejifunika leso mbili. Alisema anahisi baridi. Nilimshika mkono, nao ulikuwa baridi kweli. Mimi nilidhani ni homa inaanza. Nikampima joto, lilikuwa chini. Muuguzi mkubwa akanivuta pembeni akaniambia, "Huyu hana homa. Mwili wake unabana matumizi."

Wataalamu walikuwa wamelipima jambo hilo zamani. Kati ya 1944 na 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi 6. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kasi haikuwa moja. Mwanzo kilo zilikwenda haraka, kisha zikaanza kusuasua, ilhali chakula bado ni kidogo. Mapigo ya moyo yalishuka. Walihisi baridi. Mawazo yao yote yakawa ni chakula, wengine wakawa wanakaa kusoma vitabu vya mapishi.

Mwili wako haujui kwamba una jiko la gesi na kwamba muuza samaki yuko ng'ambo ya barabara. Unachojua ni kuwa chakula kilichokuwa kikija kwa sinia sasa kinakuja kwa kisahani. Unafanya kile ulichofanya mwili wa yule mama wa Kinango. Haukuchukii. Unakulinda, kwa namna pekee unayoijua. Na juu ya hilo kuna hesabu rahisi kabisa: mtu wa kilo 90 hahitaji chakula kingi kama alichohitaji akiwa na kilo 125. Hata kupumua kwake ni kwepesi zaidi. Kile kisahani kilichokupunguza miezi ya mwanzo, sasa kinakutosha. Hujakosea popote, ila umekuwa mtu mdogo zaidi.

Kuna mgomo wa kwanza unaowatisha wengi kwa sababu huja mapema mno, wiki ya tatu hivi au ya nne. Huo wala usikutoe machozi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Siku za mwanzo, unapokunywa supu na maji tu, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Kilo zinaporomoka. Unafurahi, unampigia simu kila mtu. Kisha mwili unajirekebisha, unarudisha sehemu ya yale maji, na mizani inasimama au hata kupanda kidogo. Wakati huo mafuta bado yanaondoka, ila huwezi kuyaona chini ya maji.

Msichana mmoja wa Ng'ombeni alinijia katika wiki hizo, macho mekundu. Alikuwa akijipima asubuhi nyumbani, mchana kwenye mizani ya duka la dawa, na usiku tena kabla ya kulala. Nilimwambia avae leso juu ya nguo aliyovaa, mbele yangu, namna anavyoifunga siku zote. Upana wa leso haubadiliki. Zamani pembe zake zilikutana kwa shida ubavuni, akawa anaziunga kwa pini. Siku hiyo pembe moja ilizunguka ikaenda mpaka nyuma ya nyonga, na kitambaa kikabaki. Aliishika ile pembe, akaiangalia, hakusema kitu. Tukatafuta tepu ya fundi wa cherehani, tukapima kiuno, nyonga na mkono wa juu, tukaandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Kuanzia hapo nikamwomba ajipime kwa mizani mara moja tu kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Na kwa tepu mara moja kwa mwezi. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kila siku kwa chumvi, kwa choo, kwa hedhi. Ukiufuata kila siku utachanganyikiwa bure.

Mgomo wa pili huja mtu ameshazoea. Mwezi wa sita, wa nane, au mwaka unapokaribia kutimia. Huu una ukaidi. Waweza kukaa wiki kadhaa, waweza kukaa miezi. Na hapa ndipo nilipoharibu mimi, nami nakwambia kwa sababu naona unataka kupita pale pale. Niliona kwamba nilipokula kidogo nilipungua, basi nikila kidogo zaidi nitapungua zaidi. Nikaacha samaki, nikaacha mayai, nikabaki na chai ya rangi na mchicha wa kuchemsha. Nywele zikawa zinajaa kwenye kitana. Kutoka nyumbani mpaka stendi ya Kombani nilisimama njiani kupumzika, mtu ambaye miezi michache nyuma nilikuwa naikata njia hiyo nikiimba. Mizani ilishuka kidogo, nami nikajisifu.

Mtaalamu wa lishe aliniuliza swali moja tu. "Mama, kilo ulizopoteza mwezi huu, ni mafuta au ni nyama yako?"

Sikuwa na jibu. Misuli hutumia chakula hata ukiwa umelala. Ukijinyima protini, mwili unaichukua kutoka kwenye misuli, na misuli ikipungua, mahitaji yako ya chakula yanashuka tena. Basi siku utakayorudi kula sawasawa, hata kile kidogo kitazidi. Nilichukua muda mrefu kujirekebisha. Nywele kutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, na kwa wengi zinarudi. Zangu zilizotoka baadaye zilitoka kwa njaa niliyojitakia.

Laiti ningeijua mapema habari ya utafiti wa Uswidi. Ulianza mwaka 1987. Walifuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene, karibu nusu wakiwa wamefanyiwa upasuaji na wengine wakitibiwa kwa njia za kawaida. Waliofanyiwa ule upasuaji wa njia ya mkato walifika uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepoteza kwa wastani asilimia 32 hivi ya uzito wao. Walipopimwa baada ya miaka 10, upungufu ulikuwa asilimia 25. Yaani walipungua, wakasimama, wakarudisha kidogo. Na bado, matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache kuliko wenzao.

Fanya hesabu hiyo. Mtu aliyeanza na kilo 120, akaja akafika 82, na miaka 10 baadaye ana kilo 90, huyo amefaulu. Lakini nenda kamuulize mwenyewe. Yumkini atakwambia ameshindwa, kwa sababu aliwahi kuiona ile 82. Namba ya chini kabisa haikuahidiwa kwako iwe ya kudumu, mwanangu. Hakuna daktari mkweli anayeahidi hivyo. Kusimama kumo ndani ya safari hii tangu mwanzo.

Mimi uzito wangu umetulia mahali ambapo majedwali ya hospitali bado yananiita mnene. Sukari yangu inatulia kwa dawa chache kuliko zamani. Magoti yamekubali nisujudu chini, na miaka ilipita nikiswali juu ya kiti. Nikikaa na hayo mawili, naona vibaya kuililia mizani.

Sasa njoo jikoni, maana kabla hujasema mwili umegoma ni vizuri tuangalie kinachoingia. Tumbo dogo linazuia nyama na wali. Halizuii vitu laini wala vya majimaji. Hamri lililochovywa kwenye chai ya maziwa linashuka lenyewe. Biskuti inayeyuka. Soda, juisi ya ukwaju yenye sukari, hata madafu yakifuatana, yote yanapita bila kukwambia umeshiba. Utasema "mimi sili", na hutakuwa umesema uongo, kwa sababu hujaketi mezani. Lakini umedokoa. Umeonja mbaazi ukiwa unapika, ukaonja tena kuona chumvi. Umemalizia chapati aliyoiacha mtoto. Umetafuna kachri za muhogo ukingoja gari. Kudokoa ni tabia ya kila anayepika, hakuna mwenye kulaumiwa, ila baada ya upasuaji ndiko kunakowarudisha watu wengi nyuma bila wao kujua. Andika kila kinachopita mdomoni kwa siku tatu, hata kijiko cha mchuzi. Usimwonyeshe mtu. Soma mwenyewe.

Halafu badilisha mpangilio wa sahani. Sisi tumelelewa wali ndiyo chakula na samaki ni kitoweo. Wewe geuza. Samaki kwanza. Kipande cha changu au kolekole cha ukubwa wa kiganja chako kina gramu 20 hivi za protini. Yai moja lina 6. Unahitaji angalau gramu 60 kwa siku, na wengine huambiwa wafike 80. Pweza ana protini nyingi na mafuta machache, lakini mpike alainike na umtafune sana, maana akikwama utajuta. Dagaa ni wazuri na bei yao haiumizi. Pojo, kunde, maharagwe, maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, hivyo navyo vinahesabiwa. Baada ya samaki njoo kwenye mboga: mchicha, kisamvu, mchunga ukiupenda uchungu wake. Wali au ugali uje mwisho, nafasi ikibaki. Ikiwa haikubaki, basi.

Nazi sikukatazi. Siwezi kumkataza mtoto wa pwani nazi na yeye akanisikiliza katika mambo mengine. Ila kasimele, lile tui zito la kwanza, ina mafuta mengi sana, na kijiko kimoja cha mafuta si kitu kidogo kwa mlo wako. Kasimele iweke kwa siku ya sikukuu. Siku za kawaida pikia tui la pili.

Usinywe maji huku unakula. Ngoja nusu saa baada ya chakula. Lakini kutwa nzima kunywa, kwa mafunda madogo, lita moja na nusu au zaidi, maana jua letu unalijua. Huenda unapodhani una njaa saa kumi alasiri, una kiu tu.

Kutembea, unatembea, nimekuona. Ongeza kazi ya misuli. Jaza maji majerikeni mawili ya lita 5, shika moja kila mkono, uyanyanyue taratibu mpaka mikono ichoke, siku moja na nyingine upumzike. Keti kwenye stuli na usimame bila kushika kitu, urudie. Mwili ukiona misuli inatumika, unaiacha. Na usingizi. Najua zamu za hoteli za Diani zilivyo, leo usiku, kesho alfajiri. Mtu asiyelala vizuri huamka na njaa isiyo yake. Siku za mapumziko usizimalize kwenye simu.

Sasa midomo ya watu. Hili lilinichosha kuliko kisu. Miezi ya mwanzo watakwambia, "Mbona umekonda hivyo, una nini?" Uzito ukisimama, watu wale wale watauliza mbona umeacha kupungua. Usiwachukie, hasa wazee. Sisi tuliishi miaka ya tisini. Wembamba wa ghafla ulikuwa na jina moja tu, Ukimwi, nalo lilitajwa kwa kunong'ona, na tulizika vijana wengi. Shangazi yako akikutazama mashavu kwa wasiwasi, anaikumbuka miaka hiyo. Mwambie kwa upole kwamba ni matibabu na kwamba unakwenda kliniki. Inatosha. Huna deni la kumweleza kila mtu jamvini habari za tumbo lako.

Na kwenye karamu, ukisukuma sahani, watakwambia mwili haujengwi kwa matofali. Pokea sahani. Chagua nyama, kula polepole, zungumza. Kilichobaki msogezee jirani yako. Pwani hapakosekani mtu wa kumalizia pilau. Kukataa kabisa kunaumiza mwenyeji. Kula ili kumridhisha kutakuumiza wewe.

Ramadhani ina mambo yake. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, zungumza na daktari kabla ya kunuia, kwa sababu tumbo lako haliwezi kuyanywa maji ya siku nzima kwa mkupuo wakati wa futari. Na jihadhari na vitamu. Jirani yangu, aliyefanyiwa njia ya mkato, alifungua kwa kaimati zilizolowa shira. Hata sala haijaanza, jasho lilimtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linamkata, tukamlaza kwenye mkeka akidhani anakufa. Sukari ilikuwa imeingia kwenye utumbo kwa kishindo. Ilipita, lakini tangu siku hiyo anafungua kwa tende moja na maji, anaswali, kisha anarudi kwenye supu ya samaki.

Kama umeangalia hayo yote na uzito bado umekaa, basi usitafute kosa kwako tu. Baadhi ya dawa huzuia uzito kushuka au huupandisha: insulini, steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, na ile sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Tezi ya shingo ikilegea nayo hufanya hivyo. Usiache dawa yoyote kwa kujiamulia. Muulize daktari kama ina mbadala. Na maadamu tumetaja uzazi: unashauriwa usubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na unapopungua mimba huwa rahisi kuingia kuliko ulivyozoea. Vidonge vya uzazi vinaweza visifanye kazi vizuri kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Mwambie mumeo mapema, na mpange pamoja.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha. Chuma, B12, kalsiamu, vitamini D. Uzito ukigoma watu huvitupa, wanasema havina faida. Havikuwekwa kwa ajili ya mizani. Vimewekwa kwa sababu tumbo lako haliwezi tena kuvitoa vya kutosha kwenye chakula, na upungufu wake huja polepole, kwa ganzi za miguu na damu kupungua. Ukitapika siku mfululizo usikae nyumbani kungoja kupona, nenda hospitali. Kutapika kwingi kunaumalizia mwili vitamini B1, na ubongo haukawii kudhurika.

Na kama miaka ikipita kilo zikaanza kurudi, nakuomba jambo moja. Usijifiche. Wengi huacha kliniki wakati huo, kwa aibu ya kupimwa mbele ya wauguzi. Nilikuwa muuguzi, nakwambia: tulikuwa tunafurahi kumwona mtu akirudi. Unene ni maradhi sugu, na maradhi sugu hurejea. Siku hizi kuna dawa za sindano za kila wiki, semaglutidi ndiyo inayotajwa zaidi, ambazo daktari anaweza kukuongezea. Kuna hata upasuaji wa kurekebisha ule wa kwanza, kwa baadhi. Usizinunue sindano hizo kwa mtu anayeuza kwenye simu.

Wiki ijayo una kliniki Mombasa. Nenda na daftari la vipimo vyako na orodha ya dawa zako zote. Omba wakupime damu: chuma, B12, vitamini D na tezi. Waambie ukweli kuhusu soda unazokunywa zamu ya usiku. Ukitoka Tiwi saa kumi na mbili, unavuka feri, na saa mbili wakifungua wewe uko mlangoni.